Tupu

Fundi wa mitambo akikwambia "tangi tupu", unaelewa hamna kitu ndani. Akisema "molasi tupu", maana imegeuka: ni molasi peke yake, haikuchanganywa na chochote. Kiswahili hutenganisha maana hizo kwa kuangalia kinachosifiwa, kama ni chombo au ni kilichomo. Matangi matupu, maji matupu. Sijui lugha nyingi zinazoliamini neno moja kiasi hicho.

Nalipenda kwa sababu ndilo la kwanza kuulizwa na kipima kina cha tangi. Kiwe juu ya tangi la molasi kiwandani Awendo, kaunti ya Migori, au juu ya tangi la maji ya Ziwa Victoria mjini Homa Bay, fundi hukagua nyaya, chanya na hasi, huwasha umeme, aghalabu wa volti 24, hungoja kioo kiamke, kisha hukifahamisha kifaa mambo mawili: tupu ni wapi na pomoni ni wapi. Kipima cha rada hupima umbali kutoka juu kushuka, kwa hiyo tupu ndiyo namba kubwa. Ni rahisi sana kuzigeuza namba hizo mbili.

Na tupu hiyo si sufuri. Kwa kawaida kifaa hutuma miliampea 4 tangi likiwa tupu, 20 likijaa pomoni. Sufuri imeachiwa waya uliokatika, ili mwangalizi wa pampu asidhani tangi limekauka, kumbe ni kifaa kilichonyamaza.