Mume Akifilisika, Mahari na Dhahabu Zako Zinakwenda Wapi?



Mwezi uliopita alikuja ukumbini kwetu mwenzetu mmoja ambaye miaka minane nyuma tulimshonea nguo zake za harusi. Safari hii hakuja na kitambaa. Duka la mumewe limefungwa, wadai wamebeba bidhaa, na talaka ameshapewa. Bangili zake sita alizompa mume auze aongeze mtaji hazimo katika hesabu yoyote, kwa sababu hawakuandikiana wala hawakuita shahidi. "Nilimwamini," alituambia. Tukanyamaza, maana na sisi tungemwamini.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiuliza na kusoma: zamani mume akifilisika, mke alibaki na nini?

Wengi tunasikia kwamba haki ya mwanamke juu ya mali yake ilitoka Ulaya, basi tuanze huko. Uingereza, mwanamke alipoolewa, fedha na vitu vyake vya nyumbani vilihesabiwa kuwa vya mume. Mume akishindwa madeni, wadai walivichukua pamoja na vyake. Sheria ya talaka ya 1857 ilimruhusu mke aliyetelekezwa kumuomba hakimu kinga, ili anachochuma baada ya kuachwa kisiguswe na mume wala wadai wa mume. Yaani mpaka atelekezwe kwanza! Mwaka 1870 alipata haki ya mshahara wake, na 1882 haki ya mali yake yote. Lakini sheria hiyohiyo ya 1882 ilisema kwamba fedha mke alizomkopesha mumewe kwa biashara zitaingia katika mali ya kufilisiwa, na mke hatalipwa mpaka wadai wengine wote wamalizwe.

Huku visiwani kufilisika hakukuwa jambo geni. Wenye mashamba ya karafuu wengi walikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, shamba likawa rehani. Kimbunga cha Aprili 1872 kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, deni likabaki limesimama. Hata Waingereza walipoitia Zanzibar chini ya ulinzi wao mwaka 1890, ndoa, talaka na mahari vilibaki kwa kadhi. Na kwa kadhi, mali ya mke haikuwahi kuwa ya mume. Shamba alilorithi kwa baba yake, vito vyake, fedha zake, mdai wa mume hana njia navyo.

Mahari isiyolipwa nayo ni deni kama deni la mwenye duka. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kinachotegemewa sana na Mashafii wa mwambao, aliyefilisika huzuiwa kuitumia mali yake, ikauzwa, na wadai wakagawana kwa kadiri ya madeni yao. Mke anayedai mahari iliyokwisha fika wakati wake anaingia humo, wala hasukumwi nyuma. Kabla ya kugawana, mkewe na watoto wanaendelea kulishwa kutokana na mali hiyo, na siku ya mgao wanaachiwa chakula cha siku ile. Mume mwenyewe anaachiwa kanzu, suruali, kilemba na viatu. Sisi mafundi hapo tulicheka kidogo.

Lakini maharusi, hapa sikilizeni vizuri. Kwa kauli yenye nguvu ya Mashafii, deni ambalo muda wake haujafika haliwi la kulipwa sasa kwa sababu tu mtu amefilisika. Mahari ya kuakhirishwa inayosikika kubwa siku ya nikaha inaweza kukosa fungu siku ya mgao. Ukiachwa baadaye unadai, ndiyo, ila mali imeshakwenda, na aya ya 280 ya Suratul-Baqara inaagiza mwenye dhiki apewe muda. Sisi tungechagua kidogo cha mkononi kuliko kikubwa cha karatasini.

Asiyeachwa, lakini mume hana tena cha kumlisha, naye ana njia. Akisubiri, matumizi yaliyopita yanakuwa deni juu ya mume. Asipoweza kusubiri, anakwenda kwa kadhi kuomba faskhi. Mume hupewa siku tatu, asipopata kitu ndoa huvunjwa. Hiyo si aibu, mabibi zetu waliijua njia ya mahakamani.

Zile bangili sita, kama zilikuwa mkopo, ni deni, na aya inayofuatia hapohapo karibu, ya 282, imeamrisha deni liandikwe. Kama zilikuwa zawadi, basi zimekwenda. Ugomvi wao wote uko hapo, na mume anasema zawadi.

Tulimuuliza kama yupo aliyesikia walipokubaliana. Alifikiri sana, akamkumbuka wifi yake, siku ile alikuwepo jikoni. Ameshampelekea salamu. Wifi bado hajajibu.