Mwalimu Asiye na Sikio

Mwanzoni mwa karne ya 20, katika mji wa Scranton, jimbo la Pennsylvania, mji uliokuwa ukijulikana kwa makaa ya mawe kuliko kwa elimu, palikuwa na skuli isiyokuwa na madawati wala kengele, ambayo wanafunzi wake walitawanyika Marekani nzima, kila mmoja akisoma nyumbani kwake usiku baada ya kazi za mchana. Jina lake lilikuwa International Correspondence Schools, na asili yake ni mwaka 1891, pale mhariri wa gazeti aitwaye Thomas J. Foster alipoazimia kuwafundisha wachimbaji wa makaa, kwa njia ya posta, namna ya kujihadhari na hatari za machimboni na kufaulu mitihani ya kupandishwa cheo. Skuli hii, baada ya kufundisha uchimbaji na hesabu, ilikitia Kifaransa ndani ya sanduku. Mwanafunzi aliyelipa karo aliletewa vitabu, mashine ya fonografu ya Edison, na silinda za nta ambazo sauti ya mwalimu ilikuwa imekwisha kuchongwa juu yake. Akaipachika silinda, akakaza ufunguo wa mashine, na mtu asiyemwona akaanza kumsemesha Kifaransa pale pale jikoni kwake.

Lakini la ajabu zaidi halikuwa hilo la kusemeshwa. Alipata pia silinda tupu, na akiisha kulihifadhi somo lake aliiweka moja mashineni, akasogeza mdomo penye pembe, akasoma kwa sauti yake mwenyewe, kisha akaifunga katika kikasha na kuipeleka posta. Mwalimu wa Scranton akaisikiliza, akayapambanua makosa ya matamshi, na masahihisho yakarudi kwa njia ile ile. Fonografu ya nta iliweza kusema na iliweza kusikia, na nta iliyokwisha kutumika iliweza kuparuzwa ikawa laini tena, tayari kwa sauti nyingine. Kwa maoni yangu, katika tarikhi yote ya kujifunza lugha nyumbani kwa chombo, hakuna mpango uliokuwa na insafu kwa mwanafunzi kuliko huu, nao ulikuja mwanzo kabisa. Yaliyofuata kwa muda wa karibu karne nzima ni juhudi za watu hodari za kufidia kilichopotea ulipoachwa.

Edison mwenyewe aliona mbali. Alipokwisha kuibuni fonografu mwaka 1877, aliandika mwaka uliofuata, katika jarida la North American Review, orodha ya kazi ambazo chombo chake kingeweza kufanya, na miongoni mwake mlikuwamo kufundisha ufasaha wa kusema na kuhifadhi lugha pamoja na namna halisi ya kuzitamka. Kwetu pwani jambo hili lisingehitaji maelezo marefu. Mtoto wa chuoni hukaa mbele ya mwalimu, husomewa aya, huirudia, hurudishwa kwenye herufi aliyoiharibu, akarudishwa tena na tena mpaka ulimi unyooke, wala hakuna mzazi ambaye angeridhia mwanawe ajifunze makharija ya herufi kwa macho tu. Tofauti ni kwamba mwalimu wa chuo ana masikio, na fauka ya masikio ana bakora.

Kilichoiua silinda ya nta ni santuri. Sahani bapa ilikuwa rahisi kuigandamiza kwa maelfu, rahisi kuipanga kabatini, na imara kuliko nta. Ila ilikuwa na upungufu mmoja ambao muuza santuri hakuwa na haja ya kuutangaza, kuwa mwenye kuinunua hawezi kuandika juu yake hata neno moja la kwake. Kinywa kikabaki, sikio likazibwa. Jacques Roston, mfasiri na mwalimu wa lugha mzaliwa wa Poland, ambaye mwaka 1901 aliasisi Linguaphone mjini London, alianza na nta kama wenzake, kisha akahamia kwenye santuri, na katika miaka ya 1920 na 1930 masanduku ya Linguaphone, yenye vitabu na sahani zilizosemwa na wenyeji wa lugha, yaliingia katika nyumba za watu wengi wenye hamu ya safari na wasiokuwa na nauli. Kila upande wa santuri ulichukua dakika tatu au nne tu, kwa hiyo dunia nzima ya Wafaransa ilibidi ikatwe vipande vya dakika nne: sebuleni, stesheni, mkahawani, dukani.

Kampuni hiyo haikuwaonea haya watu wakubwa. Mwaka 1927 George Bernard Shaw aliirekodia mazungumzo juu ya Kiingereza fasaha na Kiingereza kibovu, na humo akamtahadharisha msikilizaji kuwa mashine ikizunguka mbio kupita kiasi au polepole kupita kiasi, sauti itakayotoka haitakuwa ya Shaw hata kidogo, hivyo kwanza airekebishe mpaka ikubalike masikioni. Mwaka 1930 mwanachuoni wa Oxford aitwaye J. R. R. Tolkien, ambaye bado hakuwa na sifa ya riwaya, aliigiza katika somo la Kiingereza la kampuni hiyo hiyo mazungumzo ya dukani kwa muuza tumbaku. Wote wawili walisema vizuri. Hapana hata mmoja aliyeweza kujua kama yuko mtu anayemjibu.

Huko Ufaransa Alphonse Chérel alilikabili jambo hili kwa ujanja mwingine. Mwaka 1929 aliasisi Assimil, akaanza na kitabu cha kuwafundisha Wafaransa Kiingereza bila taabu, ambacho sentensi yake ya kwanza, ile inayohusu utajiri wa fundi wa nguo, imekuwa kichekesho cha taifa zima hadi leo; santuri zikafuata, na Kifaransa kwa wageni kikafuata. Rai yake ilikuwa kwamba mwanafunzi asilazimishwe kusema mapema, bali kwa majuma mengi asikilize na kuelewa tu, dozi ndogo kila siku, kisha ndipo arudi kwenye somo la kwanza na kuanza kufasiri mwenyewe. Ikiwa mwalimu hasikii, basi na mwanafunzi anyamaze kwanza! Alikuwako mwanafunzi mmoja wa Assimil, Mromania mkaazi wa Paris, Eugène Ionesco, ambaye mwaka 1948 alijaribu kujifunza Kiingereza kwa njia hiyo, na katika kuzinakili sentensi kwa bidii akazinduka kuwa anafundishwa mambo ya ajabu kwa ukweli wake, mathalan kwamba dari iko juu na sakafu iko chini. Kiingereza hakukipata, lakini alipata mchezo wa kuigiza, La Cantatrice chauve, ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1950, na ambao tangu mwaka 1957 unaonyeshwa katika ukumbi mdogo wa Huchette. Watu wawili wanaoambiana wanayoyajua, pasipo mmoja kumsikia mwenziwe: alikuwa ameyatoa moja kwa moja kwenye somo.

Na hapo ndipo palipokuwa na kasoro ya pili, ambayo aghalabu haitajwi. Sahani hizo zilisema Kifaransa ambacho waandishi wake walidhani kinasemwa. Mwaka 1951 serikali ya Ufaransa iliwapa kazi wataalamu wakiongozwa na Georges Gougenheim, wakiwa na makao Saint-Cloud kando ya Paris, ya kutafuta ni maneno yapi hasa ambayo mgeni anayahitaji kwanza, nao badala ya kufungua kamusi walichukua mashine za kunasia sauti katika utepe, wakaenda kuwasikiliza watu. Walinasa mazungumzo ya watu 275, wakahesabu maneno 312,135, na katika wingi wote huo maneno yaliyo mbalimbali hayakufika 8,000. Safari hii chombo kilikuwa na sikio, na kilichosikia kiliwashangaza. Vitenzi na vineno vidogo vidogo vilirudi kila mara, lakini neno kama fourchette, yaani uma, ambalo hapana Mfaransa asiyelijua, lilikuwa adimu mno, kwa sababu anayekula hautaji uma wake, anaushika tu. Ikawapasa wafanye uchunguzi mwingine, wakawaomba watoto wa skuli waandike maneno yanayowajia akilini kwanza katika maudhui 16, mathalan chakula, mavazi, na viungo vya mwili. Ndipo uma ulipopatikana mahali pake. Kutokana na kazi hiyo ilitoka orodha ya maneno yapatayo 1,475 iliyoitwa Français fondamental, na juu yake Paul Rivenc na Petar Guberina wa Zagreb wakajenga masomo ya utepe na picha yaliyosambaa duniani. Naistahi kazi hii kuliko nyingine zote nilizozitaja, kwa kuwa ilianza kwa kunyamaza.

Waamerika nao hawakulala. Taasisi ya wanadiplomasia wao, iliyoundwa mwaka 1947, iliandaa masomo marefu ya utepe katika lugha nyingi, Kifaransa kikiwamo, na Kiswahili chetu pia, katika kitabu cha mwaka 1963 kilichotungwa na Earl Stevick pamoja na J. G. Mlela na F. N. Njenga. Mazoezi yake ni makavu kama dagaa wa juani, lakini yanashibisha.

Kisha akaja Paul Pimsleur, mwalimu wa Kifaransa, ambaye masomo yake ya kwanza yalitoka katika miaka ya 1960, ya Kigiriki, Kifaransa na nyinginezo, na baadaye hata Kitwi cha Ghana. Yeye alitambua kuwa ikiwa chombo hakisikii, angalau kinaweza kungoja. Sauti inauliza, inanyamaza kwa muda uliopimwa, mwanafunzi anajibu, ndipo jawabu sahihi linapotolewa. Katika makala ya mwaka 1967 alipanga pia ni baada ya muda gani neno jipya lirudishwe kabla halijapotea: sekunde 5, sekunde 25, dakika 2, dakika 10, saa 1, saa 5, siku 1, na kuendelea hivyo mpaka miaka 2. Kaseti ndogo ambayo Philips waliitoa mwaka 1963 ilikuwa kana kwamba imeumbwa kwa ajili yake.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa kaseti za namna hiyo, zilizonunuliwa mtumbani Tanga, na nakiri kuwa kile kimya kinampa mtu kiburi. Nauliza njia, nanyamaziwa, najibu, na sauti inathibitisha kwa upole, iwe nimepatia au nimekosea. Herufi yao ya r haikunisumbua, kwani mtu aliyelelewa na ghafla, ghali na lugha ya chuoni ana mahali pa kuitoa kooni. Kilichonishinda ni ile u yao ya midomo iliyochongoka, ambayo sisi hatunayo, na ambayo nilikuwa nikiisema kama u yetu kwa miezi mitatu, huku kaseti ikiniridhia. Siku moja mfanyabiashara wa Bukavu, aliyekuwa mgeni wetu, Mswahili mwenzangu aliyesomeshwa Kifaransa tangu udogoni, alisimama mlangoni akinisikiliza nikitafuta mtaa wangu wa Paris.

“Samahani, Mzee,” akasema, “unatafuta njia, ama unatafuta gurudumu?”

Rue ni mtaa, roue ni gurudumu. Nilikuwa nimeulizia gurudumu la Paris tangu Mfunguo Pili. Alivuta kiti, akaniambia niseme i, kisha nisiusogeze ulimi, nichongoe midomo tu. Ilichukua robo saa.

Aliyekaribia zaidi kulizibua sikio lililozibwa alikuwa Michel Thomas, mzaliwa wa Łódź, aliyeokoka katika vita na mwaka 1947 akafungua skuli ya lugha Beverly Hills. Masomo yake ya Kifaransa yalipotolewa mwaka 2000, ndani yake mlikuwamo wanafunzi wawili, mwanamume na mwanamke, wakifundishwa kweli kweli mbele ya kipaza sauti, na yeye akawaambia wasiandike wala wasijitahidi kukumbuka, maana kukumbuka ni dhamana ya mwalimu. Wanakosea, anawasahihisha, wanakosea lile lile. Msikilizaji wa nyumbani anabonyeza kitufe, anajibu kabla yao, na anapojikuta amekosea kama walivyokosea, anasahihishwa kwa kosa la mwingine. Simu za leo zina kipaza sauti na zinajaribu kusikia zenyewe, lakini hiyo ni habari nyingine.

Katika hifadhi ya silinda ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, zimo hadi sasa silinda za masomo ya lugha za zama zile, na mtu anaweza kuisikia sauti ya mwalimu ikipanda na kushuka kwa taadhima katikati ya mchakacho wa nta. Sauti za wanafunzi wa Scranton, zile zilizokwenda posta na makosa yake, zilikuwa juu ya nta ya kuparuzwa.