Wavu, Si Grafu

Nimeletewa muswada wa istilahi za uoni wa kompyuta niupitie. Ukurasa wa nne tu, nikakutana na adui yangu wa siku nyingi: “utambuzi wa vitu kwa grafu”. Kalamu ikasimama. Mwanafunzi wa hapa Bukavu akisoma hivyo atatafuta mistari miwili, mmoja umelala na mwingine umesimama, na mkunjo unaopanda katikati yake. Grafu kwake ni hiyo, na ana haki.

Ajabu ni kwamba sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa hatukuwa na tatizo hili. Kifaransa kina graphique, yaani mchoro wa mistari ile miwili, na kina graphe, yaani vituo na viungo vyake. Hiyo ya pili mwanahisabati Claude Berge aliiandikia kitabu kizima mwaka 1958, na hakuna aliyechanganyikiwa. Ni Kiingereza kilichotia vyote viwili kapu moja. Nao waheshimiwa wa kamati ya istilahi, ambao sina haja ya kuwataja, wakalibeba kapu lilivyo na kubandika irabu mwishoni. Hiyo si tafsiri, ni uchukuzi.

Neno ni wavu. Nililipendekeza zamani, nikajibiwa kwa mstari mmoja kwamba ni “msamiati wa wavuvi”. Naam! Na grafu je? Mzizi wake ni kitenzi cha Kigiriki cha kukwaruza na kuandika, lakini maana hii ya vituo na viungo ilitoka kwa mwanahisabati James Joseph Sylvester mwaka 1878, katika jarida la Nature, naye aliiokota kwa wanakemia na michoro yao ya atomu zilizoshikana. Yeye kaazima maabara, mimi nimeazima ufukoni. Aibu iko wapi?

Tena wavu unakuja na ukoo wake. Kile Wafaransa wanachokiita nœud ni fundo hasa. Kiungo, arête yao, ni uzi. (Mfasiri mmoja, aliyekuta kwamba arête kwa Kifaransa ni pia mfupa wa samaki, alituandikia “mwiba”. Namwachia Mungu.) Uwazi uliozungukwa na nyuzi, wavuvi huuita jicho. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu wake kando ya Ziwa Kivu aliniambia bila kuinua kichwa: “Uzi ikikatika, mwalimu, macho mbili inakuwa moya.” Nimeona vitabu vikitumia ukurasa mzima kusema hivyo.

Mtandao, neno wanalolipenda wapinzani wangu, limeshachukuliwa na intaneti. Na anayedai wavu lazima uwe na macho yanayolingana hajauona uliotatuka. Bado ni wavu.

Matumizi, kwa kifupi: chombo cha kuvulia sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, ni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti. Kompyuta huufanya kila mtumbwi fundo na kila mti uzi, kisha huulinganisha wavu huo na ule iliouchota kwenye picha. Chombo kikipigwa picha kwa ubavu, maumbo hubadilika ila mafungamano hubaki. Watafiti Fischler na Elschlager walifanya karibu hivyo kwa nyuso za watu mwaka 1973, nyuzi zao zikiwa springi. Grafu na ibaki kutuonyesha mavuno ya sambaza yanavyoshuka mwezi ukiwa mpevu.