Rubani wa Kianjai (3): Bahasha ya Kaki

Jumamosi iliyopita tulimwacha Kapteni kando ya barabara ya Meru–Maua, pale sokoni Kianjai, simu sikioni, na upande wa pili mtu anapumua tu. Unakumbuka? Haya, sogea.

Simu ilikatika. Namba ilikuwa imefichwa.

Kapteni akaitia simu mfukoni, akajifanya anaulizia bei ya ndizi. Wewe ungefanyaje, na soko zima linakuita Kapteni tangu siku ulipovaa mistari minne begani?

Sasa nikudokeze jambo. Kwa nini mtu mzima aogope simu?

Kazi yake ni kupeleka miraa Mogadishu kutoka uwanja wa Wilson. Miraa haisubiri mtu: siku mbili tu, utamu umekwisha. Ndiyo maana pikapu hupita hapa kama zinafukuzwa na polisi.

Mwenye kampuni wa zamani alikuwa akija hangani na ndala, anauliza watoto hawajambo. Akauza. Wenye mali wapya huja kwa barua pepe.

Mikataba ya miaka miwili ikawa ya miezi mitatu. Mshahara ukawa wa saa: hujaruka, hujala.

Utasema, si ahamie kwingine? Ngoja kwanza. Rubani si fundi baiskeli wa kubeba spana zake akafungue mtaa wa pili. Yeye ameidhinishwa kwa Fokker 50, ndege ambayo kiwanda chake kilifilisika mwaka 1996. Na kila miezi sita ni lazima apimwe upya kwenye simuleta, gharama juu ya kampuni.

Kampuni ikinyamaza, je? Hakuna aliyekufuta. Ila huruki. Mimi naona afadhali kufutwa.

Muda wa Kapteni wa kupimwa unaisha Ijumaa.

Na njaa ya kutoruka anaijua. Machi 2020 Somalia ilipofunga anga, miraa ya Kenya haikurudi Mogadishu hadi Julai 2022. Miaka miwili na zaidi! Kapteni wetu aliendesha pikapu ya miraa ya Eastleigh, leseni ya urubani ikiwa kabatini chini ya Biblia ya mama yake. Shamba la chini, lile la karibu na mto, liliuzwa wakati huo. Limebaki la juu.

Basi pikapu moja tupu, inayorudi Maua, ikapunguza mwendo. Ikasimama. Pikapu ya miraa kusimama Kianjai bila tairi kupasuka? Hata wauza maharagwe waligeuka.

"Kapteni, muuga!" Dereva waliyezoeana tangu miaka ile. Akapapasa chini ya kiti, katikati ya mabaki ya majani ya migomba. "Nimepewa getini Wilson. Nimeambiwa nikupe mkononi, nisimpe mama."

Bahasha ya kaki. Pembeni ina doa la hudhurungi, utomvu wa mgomba, lile doa ambalo hata sabuni ya kipande hailiwezi.

Kapteni hakuifungua pale. Aliitembeza hadi nyuma ya kinu cha posho, mashine inanguruma, unga umetanda hewani. Akaichana kwa kidole.

Karatasi mbili.

Ya kwanza, nafasi ya simuleta. Tarehe ni Alhamisi. Moyo ukashuka mahali pake. Akacheka peke yake kama mwehu.

Kisha akasoma jina.

Si lake. Ni la rubani wake msaidizi, yule kijana aliyemwombea kazi kwa magoti. Mtoto wa dada yake. Aliyekuja naye jana usiku kuwasalimia wazee, na tangu afike hajamtazama usoni hata mara moja.

Kapteni akaishika karatasi ya pili. Ilikuwa imekunjwa mara nne na kubanwa kwa pini.

Kinu kikazimwa ghafla. Nyuma yake, mtu anahema. Uhemaji ule ule wa kwenye simu.

"Mjomba," sauti ikasema. "Hiyo ya pili usiifungue. Mama yako ameshaitia sahihi."

Hati ya nini? Rudi Jumamosi.