Pikipiki ikiongezwa nguvu: mafuta ya motere yanavuja wapi, na namna ya kuyazuia

Milima ya Kasugho inachosha pikipiki. Motere ya 125 ikibeba abiria wawili na mfuko wa maharagi, mara nyingi inapanda kwa vitesi ya kwanza tu. Njo maana ba-motari wengi wa Lubero, Butembo na Beni wanaongeza nguvu. Kuko njia mbili. Ya kwanza, kuvua motere yote na kuweka ya 150 ao ya 200. Ya pili, yenye bei ndogo, ni kubakiza motere ileile na kuivalisha silinda na pistoni kubwa zaidi. Nguvu inaongezeka kweli, lakini kisha siku chache mafuta yanaanza kuonekana chini ya motere.

Kwa nini usiache tu

Pikipiki hizi zinabeba karibu litre 1 ya mafuta. Mafuta hayohayo njo yanalainisha pistoni, giabox na ambreaje. Ikipoteza vijiko vitatu vikubwa kila siku, ni karibu mililita 45. Kwa siku 5 ni zaidi ya mililita 200, ni kusema sehemu ya tano ya mafuta yote. Na nyingi hazina taa ya kukuonya. Motere inapashwa, pistoni inakwama, na gurudumu la nyuma linaweza kufunga ukiwa mwendoni. Tena mafuta yakifika kwenye pneu ao kwenye freni ya nyuma, unateleza na abiria wako. Na kwa motari mwenye kupeleka pesa kwa mwenye pikipiki, siku moja ya garaji ni siku bila chakula.

Tafuta kwanza chanzo

Upepo unasukuma mafuta nyuma, na uzito wake unayashusha. Kwa hiyo pale unapoona tone siyo pale yanapotokea. Osha motere ikiwa baridi, kwa maji na sabuni. Acha ikauke kabisa. Pakaa poda ya mtoto ao unga mweupe kidogo kwenye viungo vyote. Tembea kilometa 5 mpaka 10, kisha tazama: mahali pa juu zaidi na pa mbele zaidi penye kulowa, hapo njo chanzo.

Sababu za kila siku

Joenti, ambayo wengine wanaita gasketi. Ile ya zamani haifai kurudishwa kisha silinda kuvuliwa. Ile ya kukata kwa karatasi ya boksi inaungua haraka kwenye kulasi. Silinda kubwa inaomba joenti yenye tundu la kipimo chake.

Uso wa karteri. Fundi akikwangua joenti ya zamani kwa turnevisi, anaacha mikwaruzo, na mafuta yanapitia humo. Fundi mwema anatumia kipande cha mti ao plastiki ngumu. Kisha anaweka karatasi ya msasa laini juu ya kioo, na kupitisha uso wa kulasi hapo: pale pasiposuguliwa, pako shimo.

Karteri iliyopanuliwa. Ili silinda nene iingie, mafundi wengine wanapanua tundu la karteri. Ukuta unabaki mwembamba, nafasi ya joenti inapunguka, na ufa unaweza kutokea. Ufa hautibiwi na silikoni. Karteri inachomewa na mtu anayejua aluminiamu, ao inabadilishwa.

Renifla. Ni mupira mdogo wa kupumulia wa motere. Pistoni kubwa inasukuma hewa nyingi zaidi chini, na segma zisipokaa vizuri inazidi. Mupira ukikunjwa ao ukijaa matope, hewa inatafuta njia nyingine na kusukuma mafuta kwenye joenti na spi. Mbele ya kununua kitu chochote, vua mupira huo na upulize ndani. Mafuta ya kupita kipimo yanaleta ugonjwa uleule.

Spi. Ni duara la mupira kwenye axe ya vitesi, ya kiki na ya pinyo ya cheni. Likikauka ao likiingizwa kombo, mafuta yanajificha katika grisi ya cheni. Spi mpya inapakwa mafuta kidogo na kusukumwa sawasawa.

Kukaza bulo

Usikaze motere ikiwa moto; aluminiamu inakuwa laini na fileti inakatika. Bulo za kulasi zinakazwa kwa msalaba, mara mbili ao tatu, kila mara ukiongeza kidogo. Bulo ndogo za pembeni, zile za kle ya 8 ao ya 10, zinaomba mkono mwepesi. Wengi wanafikiri kukaza zaidi kunazuia mafuta. Kumbe kunapinda kifuniko na kuvuta fileti.

Silikoni nayo ni dawa ya kidogo. Ukipaka nyingi, inaminyika ndani, inakatika vipande, na kuziba tundu la kupitisha mafuta juu kwenye kulasi. Nje motere ni safi, ndani inakauka.

Moshi ni jambo lingine

Kama mafuta yanapunguka na motere ni kavu nje, tazama eshapoma. Moshi wa bluu unasema mafuta yanaungua ndani: segma ao supape. Joenti mpya haitasaidia hapo.

Mbele ya kulipa fundi

Uliza: joenti zote ni mpya? Karteri ilipanuliwa? Renifla iko wazi? Omba urudishiwe vipande vya zamani. Weka mafuta ya pikipiki ya 4T, siyo ya gari, kwa sababu ambreaje inaogelea ndani yake. Kisha fanya kilometa za kwanza bila mzigo mzito, na pima mafuta kila asubuhi, pikipiki ikisimama wima. Ukielekea Butembo ao Beni, beba nusu litre ya akiba: njiani, mbali na garaji, hiyo njo inakufikisha mbele ya usiku kuingia.

Mafuta ya vidanje usiyamwage karibu na mto. Watu wa chini wanachota maji humo.