Kadi Iliyofungwa Haina Mnunuzi

Oktoba 2004, Secret Service ya Marekani iliwatia mbaroni watu 28 wa Shadowcrew, soko la mtandaoni lenye wanachama wapatao 4,000 ambamo namba za kadi za benki zisizopungua milioni 1.5 zilikuwa zimepita mikononi mwa wezi. Soko lile halikufufuka. Lakini mtoa habari aliyewafungulia wapelelezi mlango, Albert Gonzalez, aliendelea kuiba huku akiwa mshirika wao. Alidukua kompyuta za maduka ya TJX na za kampuni ya malipo ya Heartland, akapora namba za kadi kwa makumi ya mamilioni. Mwaka 2010 alihukumiwa kifungo cha miaka 20.

Nadai kwamba kazi hii ya kuwasaka wezi wa kadi tunaipima vibaya. Idadi ya waliokamatwa inatuambia nani ametoka sokoni. Bidhaa imekwenda wapi, haituambii. Na bidhaa hii ina udhaifu mkubwa: namba ya kadi huwa na thamani kwa muda ule tu ambao benki haijaifunga. Wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana hunadi kadi zilizoibwa karibuni kwa bei ya juu na kuahidi kumfidia mnunuzi akikuta kadi imeshakufa.

Kwa hiyo naipa uzito operesheni ya FBI iliyofikia kilele Juni 2012. Kwa miaka miwili wapelelezi waliendesha soko lao wenyewe, Carder Profit, na kurekodi mazungumzo ya wezi. Walikamatwa watu 24 katika nchi nane. Kwangu, la maana zaidi ni kwamba watoaji wa kadi waliarifiwa kuhusu kadi zaidi ya 411,000 zilizovuja, na kampuni na taasisi 47 zikaelezwa kuwa mitandao yao imeingiliwa. Je, dola ina haki ya kuendesha gulio la wezi? Swali ni halali, na jibu lake linategemea taarifa hizo zinafika benki upesi kiasi gani.

Sibezi pingu. Roman Seleznev, Mrusi aliyeuza kadi kwa majina mbalimbali, alikamatwa Maldives mwaka 2014 akiwa na kompyuta yenye namba za kadi zaidi ya milioni 1.7, mwaka 2017 akahukumiwa miaka 27, na jela ilimstahili. Lakini miongoni mwa waathirika wake ulikuwamo Broadway Grill, mgahawa wa Seattle ambao mfumo wake wa malipo ulipandikizwa programu ya kunasa kadi za wateja. Mgahawa ulifilisika kabla mwizi hajakamatwa. Biashara ndogo kama ile haina mtaalamu wa kompyuta. Haina budi kutegemea mtu wa nje aiarifu mapema.

Waendesha mashtaka watapinga: kadi zikifungwa kwa mkupuo, wezi hushtuka na ushahidi hupotea. Ni kweli, na hutokea. Lakini gharama ya kusubiri humwangukia mwenye kadi na mwenye duka, ambao hawakuulizwa. Basi mpelelezi anayetaka kuzishikilia namba hizo aombe kibali cha hakimu, ataje sababu na siku ya mwisho; asipokipata, azikabidhi kwa benki siku hiyohiyo.