Wamaya wa Belize: wageni kwa zamu, ardhi ya wote

Wengi wetu tukisikia jina Wamaya tunafikiria magofu ya mawe msituni na watu waliotoweka zamani. Sivyo. Wamaya wapo, na ni mamilioni, hasa Guatemala na Meksiko. Leo tunawaeleza kuhusu wale wa Toledo, wilaya ya kusini kabisa ya Belize, nchi ndogo ya Amerika ya Kati. Huko wanaishi Wamopan na Waq'eqchi', wakulima wa mahindi, maharage na kakao.

Mgeni analala wapi?

Hakuna hoteli kubwa. Katika miaka ya 1990 vijiji kadhaa viliungana katika chama kiitwacho Toledo Ecotourism Association. Kila kijiji kilijenga nyumba ya wageni kwa mbao na makuti. Vitanda ni vya kawaida, chandarua kipo, na usiku unasikia vyura na mvua. Toledo hupata mvua nyingi, hivyo wageni hupendelea miezi ya Februari hadi Mei, kukiwa kukavu kidogo.

Nani anapata fedha?

Hapa ndipo penye jambo. Mgeni hali nyumba moja siku zote. Asubuhi anakula kwa familia hii, mchana kwa nyingine, jioni kwa ya tatu. Waongozaji wa kutembeza wageni msituni nao hupokezana. Kwa zamu hizo kipato hakibaki kwa mtu mmoja mwenye gari au jamaa mjini, na sehemu yake huingia mfuko wa kijiji.

Mezani kuna tortila, mikate myembamba ya mahindi. Mama huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa, huyaosha, huyasaga, kisha huoka mikate juu ya bamba la moto. Chokaa hulainisha ganda na kufanya mwili upate vitamini ambayo vinginevyo ingebaki ndani ya punje. Mahindi tunayosongea ugali asili yake ni huko huko: yalianza kulimwa Meksiko maelfu ya miaka iliyopita.

Ardhi ni ya nani?

Kwa desturi, ardhi ni ya kijiji kizima. Kiongozi anayechaguliwa na wanakijiji, anayeitwa alkalde, huamua migogoro midogo na kusimamia kazi za pamoja. Lakini serikali iliihesabu ardhi hiyo kuwa yake, ikatoa vibali vya kukata magogo na kutafuta mafuta. Wanakijiji wakaenda mahakamani. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Belize ilivipa haki vijiji vya Santa Cruz na Conejo. Mwaka 2015 Mahakama ya Haki ya Karibi ikathibitisha haki ya ardhi ya kimila kwa vijiji vyote vya Wamaya wa Toledo. Hata hivyo, kuweka mipaka na kutunga sheria kumechukua miaka mingi baada ya hukumu.

Bila msitu, mgeni hana cha kufuata huko, na bila shamba hana cha kuandaliwa. Kwa hiyo, kijiji chako kikianza kuzungumzia kupokea watalii, ulizeni mambo mawili kabla ya kujenga chumba cha kwanza: zamu itapangwaje, na hati ya ardhi iko kwa nani?